Stesheni wagoni kuukuu kwenye matope: tengeneza kwanza, inua mwisho

Leo tuongelee magari. Hapa Babati nashinda sana gereji, na swali ninalolisikia kila wiki kutoka kwa vijana wenzangu ni hili: "Fundi, hii Legacy yangu nainuaje ikae juu kama Land Cruiser?" Swali sio baya, ila limeanzia mwisho. Gari iliyoinuliwa huku rejeta inavuja na bushi zimekwisha itakufia porini kama kawaida, tofauti yake itakufia ikiwa imekaa juu. Kwa hiyo nimeandika hatua zote kwa mpangilio, kuanzia ukaguzi mpaka kuinua. Iprinti, ukae nayo kwenye dashibodi.

GARI GANI NAIZUNGUMZIA

Stesheni wagoni ni ile gari ya chini yenye paa refu na buti iliyoungana na viti. Wazee wetu walikuwa na Peugeot 504. Ile ya stesheni wagoni ilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma na springi nne, mbili kila upande, ndio maana ilibeba abiria na magunia bila kulalamika. Siku hizi tunaziona zaidi Toyota Corolla, Caldina, Probox na Subaru Legacy. Gari kuukuu ikiingizwa nchini inatozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake, kwa hiyo nyingi tulizonazo ni zile zilizoingia zamani, zinapita mkono hadi mkono.

Mfano wangu mkubwa ni Legacy ya kizazi cha pili, iliyotoka 1993 hadi 1998, yenye injini ya EJ20 na mwendo wa magurudumu manne. Wewe wa Corolla au Probox usiondoke, karibu kila kitu hapa kinakuhusu.

Jambo moja ulijue mapema: Legacy nyingi hazina zile gia nzito za kupandia kama za Land Cruiser. Inasukuma kwa matairi manne, ndio, lakini mlima mkali ukiutambaa polepole unaunguza klachi, na kama ni otomatiki unachemsha mafuta ya giaboksi. Hata ukiinua namna gani, hilo halibadiliki.

BARABARA ZETU ZINATAKA NINI

Tusidanganyane, mambo yamebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata kwenda Minjingu ilikuwa vumbi. Leo Arusha ni lami, Singida ni lami, na barabara ya Dodoma kupitia Kondoa ilizinduliwa 2018. Lakini maisha ya watu wengi hayako kwenye lami. Yako Bashnet na Madunga kule juu, yako Galapo, Gidas, bonde la Kiru. Ukiacha lami unakutana na mambo manne:

- Mawimbi ya barabara ya changarawe, yale yanayotetemesha mpaka meno. Yanaua shokomzoba, bushi na kulegeza nati.
- Mawe na matuta ya katikati ya njia. Yanapasua sampo na kukwangua eksozi.
- Udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Unaganda kwenye tairi mpaka inakuwa laini kama mpira wa watoto.
- Milima ya ukingo wa bonde la ufa, Dareda na Magara. Kupanda kunachemsha injini, kushuka kunachemsha breki.

Hesabu mwenyewe. Katika hayo manne, urefu wa gari unasaidia kwenye jambo la pili, na kidogo kwenye la tatu. Mengine yote ni matengenezo. Na huku kwetu gari ya kijijini ndio ambulensi. Usiku wa manane mtu anapelekwa Hospitali ya Dareda au Haydom kwenye siti ya nyuma. Hapo hakuna anayeuliza gari ina sentimita ngapi kutoka chini, wanachotaka ni ifike.

SOMO LA SAFARI RALLY

Safari Rally ilianza 1953, na miaka ile ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nani alishinda? Magari ya kawaida kabisa. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, ambaye mwenyewe alikuwa fundi, alishinda na mdogo wake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa tayari imetumika kwenye mashindano ya 1964. Yaani used! Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa kwetu Tanzania akashinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Na 1990 Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa 8 kwa Legacy ya kundi la magari yasiyobadilishwa sana.

Hayo hayakuwa malori. Yalikuwa magari ya familia yaliyokazwa kila nati, yakawekewa kinga chini, na dereva akajua wapi apunguze mwendo. Fuata njia hiyo hiyo.

HATUA YA 1: UKAGUZI

Osha gari chini kwa presha, halafu ipandishe kwenye stendi au shimo la gereji. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, jeki huwa zinateleza na watu wanakufa. Angalia:

- Kutu kwenye chesesi, hasa pale miguu ya nyuma na vikombe vya shokomzoba vinaposhikia. Gonga kwa bisibisi. Ikizama, hapo panahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya, sio kupakwa rangi. Kabla ya kuchomelea chomoa betri, la sivyo unaweza kuunguza kompyuta ya gari.
- Mkanda wa taimingi. Kilometa za kwenye dashibodi ya gari ya mtumba usiziamini. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, badilisha sasa pamoja na beringi zake na kikazio. Kwenye baadhi ya injini hizi mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, umekwisha.
- Mafuta ya difu, giaboksi na injini. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.
- Mipira ya sivi jointi. Hii nairudia chini maana ndio ugonjwa mkubwa.

HATUA YA 2: KUPOOZA INJINI

Huku kwetu kuna tabia moja ya magereji: gari ikichemsha, fundi anatoa themostati na kuitupa. Gari inapoa kweli, unafurahi, unaondoka. Lakini umeficha ugonjwa, hujautibu. Bila themostati injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na tatizo lenyewe linabaki pale pale likisubiri mlima wa Dareda.

Fuata mpangilio huu. Kwanza safisha rejeta kwa nje. Matope na nyasi hukaa kati ya rejeta ya maji na ile ya eya kondishen, huwezi kuyaona ukiwa mbele. Pili angalia feni kama zinawaka. Tatu hozi paipu zote, minya, ikiwa laini kama ndizi mbivu toa. Nne badilisha mfuniko wa rejeta, ukilegea maji yanachemka mapema. Tano weka themostati mpya na kulanti, sio maji ya kisima. Maji yetu mengi yana chumvi, yanajenga magamba ndani ya rejeta.

Kwenye Subaru kuna la ziada. Injini imelala, kwa hiyo hewa inakwama ndani ukijaza maji haraka haraka. Fungua kile kizibo kidogo cha kutolea hewa juu ya rejeta, jaza taratibu, washa injini na subiri mapovu yaishe. Mapovu yakiendelea kutoka kwenye tanki la akiba kila ukiipa gari moto, mwambie fundi apime gasketi ya silinda hedi kabla hujatumia hela kwenye kitu kingine chochote.

HATUA YA 3: MIGUU NA BREKI

Kamata tairi juu na chini, tikisa. Kisha kushoto na kulia, tikisa tena. Ikicheza, tafuta chanzo: beringi, boljointi au tairodi endi. Boljointi ikichomoka kwenye mteremko tairi linalala na gari haina usukani tena. Hii sio kazi ya "nitafanya mwezi ujao".

Bushi za miguu zikiwa zimepasuka, gari inahama barabarani kwenye mawimbi. Shokomzoba ikivuja oili, tairi linaruka badala ya kukanyaga, na hapo breki inakuwa nusu.

Sivi jointi: ule mpira wa mikunjo ukipasuka, grisi inatoka, tope na mchanga vinaingia, na baada ya muda unasikia ta-ta-ta-ta ukikata kona. Mpira peke yake na grisi mpya ni bei ndogo kuliko jointi nzima. Kwa hiyo kagua mipira yote kila ukibadilisha oili. Fika kabla ya mlio.

Breki: badilisha mafuta ya breki yote, sio kuongezea. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka kwenye hewa, na kwenye mteremko mrefu maji yanachemka, pedali inazama hadi chini. Na ukishuka Magara au Dareda, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kwenye otomatiki vuta kwenye 2 au 1. Wale wanaoweka nyutro kubana mafuta, tafadhali acheni, mnaacha breki ifanye kazi peke yake.

HATUA YA 4: KINGA YA CHINI

Hapa ndio pesa ya kwanza ya urekebishaji iende. Bati la chuma la milimita 3 au 4 chini ya injini, likifungwa kwa bolti kwenye fremu ya mbele, sio kwenye giaboksi wala sampo. Mwambie mchomeleaji:

1. Aache tundu la kufungulia oili, la sivyo kila sevisi utashusha bati zima.
2. Aache matundu ya hewa kutoka na ya tope kudondoka.
3. Akunje ukingo wa mbele uelekee juu, ili lipande jiwe badala ya kulikamata.
4. Bati lisiguse eksozi. Kwenye Subaru eksozi inapita chini kabisa ya injini.

Ile ngao kubwa ya mabomba mbele? Ni uzito unaokandamiza springi za mbele, na ukimgonga mtu unamuumiza zaidi. Kuliko ngao, weka sehemu imara ya kufungia kamba, mbele na nyuma. Usivute gari kwa mkono wa miguu wala kwa bampa.

HATUA YA 5: TAIRI

Tairi ndilo linaloinua gari bila kuharibu chochote, kwa sababu linainua kila kitu, hata difu. Tufanye hesabu kidogo, wale wa hisabati msikimbie.

Tairi la 185/70R14 lina kipenyo cha kama milimita 615. La 195/65R15 lina kama 635. La 205/70R15 lina kama 668. Gari inainuka kwa nusu ya tofauti. Kwa hiyo kutoka la kwanza kwenda la pili unapata sentimita 1, kwenda la tatu unapata kama sentimita 2.6. Hilo la tatu utahitaji rimu za 15, na upime kama haligusi tao ukikata kona na gari ikiwa na mzigo. Pia spidomita itakudanganya: ikisoma 80, wewe unakwenda karibu 87.

Kwa gari ya magurudumu manne, tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa. Ukichanganya jipya na kipara, mfumo wa kati unahangaika muda wote mpaka unaungua. Ukilazimika kufunga tairi dogo la akiba kwenye otomatiki, Legacy nyingi za miaka hiyo zina kijumba chini ya boneti kilichoandikwa FWD. Chomeka fyuzi hapo na tairi dogo lifunge nyuma, gari itasukuma mbele tu mpaka ufike.

Kwenye tope au mchanga punguza upepo mpaka kama psi 20, nenda taratibu, ukirudi lami jaza tena. Ndio maana pampu ya mguu ni lazima.

HATUA YA 6: SASA INUA, LAKINI KIDOGO

Subaru wenyewe walifanya hivi. Mwaka 1995 waliuza Japani Legacy Grand Wagon, ambayo ni Legacy stesheni wagoni iliyoinuliwa ikawa na nafasi ya milimita 200 chini, na ndio ukoo wa Outback mnaoujua. Walisimama hapo, na hawakuwa wajinga. Lengo lako liwe hilo, sentimita 3 hadi 4 kwenye shokomzoba na zinazobaki kwenye tairi.

Njia nzuri ni kutumia shokomzoba na springi ndefu za gari ya ukoo huo huo, kama Grand Wagon au Forester ya kwanza iliyotoka 1997. Ziweke pembeni ya zako, linganisha vikombe vya juu na matundu ya chini kabla hujalipa. Njia ya pili ni kuongeza kipande kati ya shokomzoba na bodi. Kipande kikerezwe na fundi wa mashine kutoka kwenye alumini au nailoni ngumu, na bolti ndefu zitakazofungwa ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani au zaidi. Sio bolti za mageti!

Usifanye haya: kuchoma springi kwa moto, kuivuta, au kujaza raba kati ya mikunjo. Gari itanyanyuka, lakini springi haina pa kukunjikia tena, inakatika au inapasua bodi.

Ukizidi sentimita 5, draivu shafti zinakaa kwa pembe kali, sivi jointi zinakufa na mipira inapasuka. Utalazimika kushusha na fremu za miguu, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Hata kwa sentimita 4 utaona tairi za mbele zimefungua juu na za nyuma zimesogea mbele ndani ya tao. Lazima ufanye alaimenti, na mara nyingi bolti za kurekebisha mlalo wa tairi. Na kumbuka gari ya juu inapinduka kirahisi. Weka magunia ndani, sio kwenye keria.

MAJI

Snokeli za urembo nimeziona kibao, bomba limesimama pembeni ya kioo halafu ndani halijaungwa na eya klina. Hiyo ni picha tu. Legacy inavuta hewa kutokea karibu na taa ya mbele, yaani chini. Maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki, yanakunja fimbo za pistoni.

Kanuni: shuka, ingia na fimbo, pima. Yakizidi katikati ya tairi, subiri. Yakiwa yanakwenda kasi, hata sentimita 30 zinaweza kuanza kuelesha gari ndogo. Gari ikizima ndani ya maji usipige stata. Vuta nje, toa plagi zote, zungusha injini maji yatoke, ndipo uwashe. Difu nayo ina tundu la kupumulia. Ikiwa ya moto na kuzama ghafla inanyonya maji, kwa hiyo ongezea mpira mrefu upeleke juu.

Na maji ya mlimani hayaji peke yake. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Hakuna gari iliyoinuliwa kwa ajili ya kitu kama hicho. Korongo likinguruma, geuza.

BEBA HIVI

Koleo na jembe, ubao wa kuweka chini ya jeki, wili spana, kamba imara, pampu, lita 10 za maji, fyuzi, mkanda wa feni, tochi, waya. Uzito wake ni mdogo kuliko ngao.

SHERIA

Ukibadilisha injini au rangi, kadi ya gari irekebishwe TRA. Mabadiliko makubwa waambie watu wa bima, wasije wakapata sababu ya kukukatalia. Na zile taa kali za mbele zizime ukipishana na mwenzako.

HELA IENDE WAPI KWANZA

1. Breki, boljointi, tairodi endi.
2. Mfumo wa kupooza na mkanda wa taimingi.
3. Mipira ya sivi, bushi, shokomzoba.
4. Bati la chini na sehemu za kuvutia.
5. Tairi nne zinazofanana.
6. Kuinua.

Hela ikiishia namba 4, bado una gari nzuri ya kwenda Bashnet na kurudi. Ikianzia namba 6, una gari ya kupigia picha stendi. Chaguo ni lako.

Mafundi na madereva wa Mbulu, Hanang, Simanjiro, kama kuna kitu mnafanya tofauti na kinadumu, dondosheni hapo chini tufaidike wote. Ila mkija na habari za raba kwenye springi, njooni na picha ya baada ya masika!